Ndugu wa Tumbo Moja

Ipo kiu moja isiyokatika katika koo za waandishi wa nasaba, nayo ni kiu ya babu. Mwenye kiu hiyo akipewa baba, hutaka babu. Akipewa babu, hutaka babu wa babu. Na pale maji yanapokauka kisimani, hachelei kuchota ya kubuni. Wamwandikiao Gerald wa Windsor nasaba yake wamekuwa na kiu hiyo kwa zaidi ya miaka 500. Mtu huyo alikuwa askari wa farasi wa Kinormani aliyehamia Wales mwishoni mwa karne ya 11, akakaa huko, akaoa huko, na uzao wake ukaenea Wales na Ayalandi. Suala ambalo vitabu vimelirudia tangu wakati huo ni moja tu: baba zake walikuwa nani? Hakika suala hilo limekwishapata jawabu fupi, na kila aliyelirefusha jawabu hilo amelirefusha kwa uongo. Ama suala jengine, lenye jawabu refu na lenye ushahidi, limeachwa mlangoni kama mgeni asiyealikwa.

Yafaa kuanza na jawabu fupi. Gerald alikuwa mwana wa Walter, na Walter alikuwa mwana wa Other. Haya yanajulikana kwa sababu mwaka 1086, miaka 20 baada ya Wanormani kuiteka Uingereza katika vita vya Hastings, nchi nzima iliandikwa kwa amri ya mfalme William: nani anamiliki shamba gani, lina majembe mangapi, lina thamani gani. Katika daftari hilo, liitwalo Domesday, yumo Walter mwana wa Other akiwa na mashamba Berkshire, Surrey, Hampshire na kwengineko. Alikuwa mkuu wa ngome ya Windsor, na cheo hicho hakikumfikia Gerald; kilikwenda kwa nduguye, William. Basi huo ndio upande wa baba kwa ukamilifu wake: majina mawili, Walter na Other, na juu ya Other karatasi ni nyeupe.

Mtu muungwana hukiri weupe wa karatasi. Lakini uzao wa Gerald ulipotajirika na kuwa watawala wa Kildare na Desmond huko Ayalandi, karatasi nyeupe ikawa aibu. Katika karne ya 15 yalianza kuzunguka madai kwamba ukoo huo ni tawi la Gherardini, watukufu wa Florence katika nchi ya Italia. Ushahidi ulikuwa nini? Kufanana kwa sauti ya majina mawili, Gherardini na Geraldine! Mwaka 1507 mtawala wa Kildare mwenyewe aliwaandikia Gherardini wa Florence barua ya kuwaita jamaa zake. Florence wakati huo ilikuwa na mabenki, wachoraji na wanazuoni, na Kildare ilikuwa na ng'ombe na vita vya mpakani. Haimhitaji mtu elimu kubwa kufahamu ni nani aliyehitaji ujamaa huo zaidi.

Kisha washairi nao wakaingia katika kadhia. Henry Howard, mwinyi wa Surrey, aliyekatwa kichwa mwaka 1547, alitunga shairi la kumsifu binti wa ukoo wa Kildare, naye akaiweka asili ya binti huyo Toscana na Florence. Shairi ni zuri. Ndilo tatizo lenyewe, kwani uongo uliotiwa vina huishi kuliko uongo ulioandikwa katika daftari la karani, huimbwa, huhifadhiwa, na baada ya vizazi viwili watu huutolea ushahidi kwa kusema, "Hata mshairi amesema." Waliofuata wakaupamba zaidi. Wakamchukua yule Other masikini, wakampa jina la Otho, wakamvika cheo, wakamsafirisha kutoka Italia hadi Uingereza kabla hata ya vita vya Hastings, ili asionekane kuwa amekuja na wavamizi. Na kwa kuwa Lisa, mwanamke wa Florence aliyechorwa na Leonardo da Vinci, alizaliwa katika ukoo wa Gherardini, wapo hadi leo wenye jina la Fitzgerald wanaoitazama picha hiyo ya Paris na kujiona kuwa wanamtazama shangazi.

Wahenga walinena: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ukoo ulioteka mabandari, uliojenga makasri na kutoa maaskofu ulikuwa na cha kula leo. Ukaona heri kwenda kuomba makombo ya karamu ya jana, tena karamu ya watu wengine.

Aliyekuja kuuvunja uongo huo alikuwa J. Horace Round, Mwingereza mkali wa kalamu, aliyeishi kati ya mwaka 1854 na 1928. Mwaka 1902 aliandika juu ya asili ya akina Fitzgerald, akazichambua hati moja moja, akaonyesha kwamba Gerald ni mwana wa Walter wa Windsor na kwamba hadithi ya Florence haina miguu ya kusimamia. Kwa kazi hiyo Round anastahiki heshima. Watu wa aina yake ni wachache popote pale, kwani kumwambia tajiri kwamba babu yake si mtukufu ni kujitafutia uadui bila ya ujira.

Hata hivyo ushindi wa Round ulikuwa nusu ya ushindi. Aliwaondoa mababu wa uongo, akaliacha suala lilelile likiwa mezani: baba wa baba wa Gerald alikuwa nani? Alifuta jawabu ovu na hakulikemea suala lenyewe. Na suala hilo ndilo linalostahiki kukemewa.

Kwanza, hata neno "Mnormani" si imara kama linavyodhaniwa. Majeshi yaliyovuka bahari mwaka 1066 yalikuwa na Wanormani, na pia watu wa Bretagne na Flanders na sehemu nyengine za Ufaransa. Wawelisi walioishi na watu hao, wakapigana nao na kuwazika, hawakujisumbua na tofauti hizo. Katika tarehe zao waliwaita Wafaransa tu. Kumwita Gerald Mnormani ni kusema alikuja na jeshi gani na alimtumikia nani. Hakuthibitishi kitu juu ya damu yake zaidi ya hapo. Alikuwa mwana asiyerithi cheo cha baba, mwenye farasi, upanga na bwana wa kumtumikia.

Bwana huyo alikuwa Arnulf wa Montgomery. Mwaka 1093 Rhys ap Tewdwr, mfalme wa Deheubarth, yaani Wales ya kusini-magharibi, aliuawa karibu na Brecon, na Wanormani wakaingia katika nchi yake kama maji yaliyovunja ukingo. Arnulf akajenga ngome Pembroke, ngome ya miti na udongo wa majani, na ulinzi wake akamkabidhi Gerald. Wawelisi walipoasi na kuizingira mwaka 1096, askari 15 wa farasi walitoroka usiku kwa mashua. Gerald akawapa watumishi wao silaha na ardhi za mabwana zao, na saa ileile akawapandisha daraja. Chakula kilipokaribia kwisha, akachinja nguruwe wanne waliosalia, akawakatakata na kuwatupia adui vipande juu ya ukuta, ili wadhani kuwa ndani kuna shibe. Siku ya pili akahakikisha kwamba barua yake yaokotwa nje, barua isemayo kwamba hahitaji msaada wa Arnulf kwa muda wa miezi minne. Wazingiaji wakakata tamaa, wakarudi makwao.

Habari hizi zimehifadhiwa na Gerald wa Wales, padri na mwandishi mkubwa wa Kilatini, aliyezaliwa yapata mwaka 1146 katika ngome ya Manorbier. Naye alikuwa nani kwa Gerald wa Windsor? Alikuwa mjukuu wake, lakini si kwa mwana wa kiume. Mama yake, Angharad, ndiye aliyekuwa binti wa Gerald. Baba yake alikuwa William de Barri, mtu wa ukoo mwengine. Hata shahidi mkuu wa habari za Gerald, basi, amefika mahakamani kwa njia ya mama. Laiti watu wa upande wa baba wangeachiwa peke yao kazi ya kukumbuka, nguruwe wale wanne wasingejulikana leo.

Na shahidi huyo ametamka neno ambalo waandishi wa nasaba wamelisoma na kulipita. Anaeleza kwamba Gerald, ili yeye na watu wake wapate mizizi ya kina zaidi katika nchi ile, alimwoa Nest, binti wa Rhys ap Tewdwr. Mwenye mizizi hapo alikuwa mwanamke. Mume ndiye aliyekuwa tawi lililokatwa kwengine na kuja kupandikizwa.

Ni nasaba gani basi aliyokuja nayo Nest? Baba yake Rhys alikuwa mwana wa Tewdwr, mwana wa Cadell, mwana wa Einion, mwana wa Owain, mwana wa Hywel Dda, mfalme aliyefariki katikati ya karne ya 10, ambaye Wawelisi walizinasibisha sheria zao na jina lake. Hayo ni majina sita, ya watu waliotawala au waliozaliwa na watawala, na waliotajwa katika tarehe na katika orodha za nasaba za nchi yao. Tuyaweke mezani pamoja na Walter na Other. Mtafutaji wa asili ambaye ameonyeshwa milango miwili, mmoja unaofunguka kwenye vizazi sita na mwengine kwenye viwili, kisha akauacha wa kwanza na kwenda kutoboa ukuta wa pili hadi Florence, mtu huyo hatafuti asili. Anatafuta mwanamume.

Hapana haja ya kuipamba ndoa ile kwa maua. Nest alikuwa binti wa mfalme aliyeuawa, mikononi mwa waliofaidika na mauaji hayo. Alimzalia mtoto mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza. Aliozwa kwa askari kwa sababu za kitawala, na baadaye alimzalia mwana Stephen, mkuu wa ngome ya Cardigan. Vitabu vingi vinapomkumbuka humwita Helen wa Wales, kwa sababu mwaka 1109 Owain ap Cadwgan, mwana wa mfalme wa Powys, aliivamia ngome ya Gerald usiku, akaitia moto na kumchukua Nest pamoja na watoto. Wameridhika kumfanya uzuri uliotekwa, kama kwamba kazi ya mwanamke katika tarehe ni kuibiwa.

Lakini tarehe ya Wawelisi inasimulia zaidi ya hayo. Gerald aliposikia kelele na kutaka kutoka mlangoni, Nest ndiye aliyemzuia, kwani adui walikuwa wakimngoja hapo. Akamwongoza hadi chooni, na kwa tundu la choo mlinzi maarufu wa Pembroke akaokoka. Kisha, akiwa mateka, Nest alimshurutisha Owain mpaka watoto wakarudishwa kwa baba yao. Usiku huo mmoja mwanamke aliokoa roho ya mume, na baadaye akawaokoa watoto ambao ndio ukoo wenyewe. Mwaka 1116 Gerald alimvizia Owain na kumwua, na kwa hilo akaitwa shujaa. Aliyefanya kazi kubwa zaidi akaitwa mrembo.

Sasa tuwatazame watoto hao walipokua. Kwa Gerald, Nest alizaa William, Maurice, David na Angharad. David alikuwa askofu wa St Davids kuanzia mwaka 1148 hadi 1176. Kwa Stephen wa Cardigan alimzaa Robert. Mwaka 1165 Robert alisalitiwa na watu wake, akatiwa mikononi mwa Rhys ap Gruffydd, mtawala wa Deheubarth, akafungwa kwa muda wa miaka mitatu. Rhys huyo alikuwa mtoto wa Gruffydd, kaka yake Nest; kwa hiyo aliyemfunga Robert alikuwa mtoto wa mjomba wake. Wakati huo Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster aliyefukuzwa Ayalandi mwaka 1166, alikuwa akizunguka kutafuta askari wa kumrejesha kitini. Askofu David na Maurice wakaenda kwa Rhys kumwombea ndugu yao, na Robert akafunguliwa. Mwaka 1169 Robert alishuka Bannow, katika pwani ya Wexford, na Maurice akafuata mwaka huohuo. Hivyo ndivyo ulivyoanza uvamizi wa Ayalandi, jambo lililobadili mwendo wa visiwa hivyo kwa karne nane.

Msomaji na azihesabu nyuzi za kadhia hii. Robert, David na Maurice hawakuwa na baba mmoja. Mfungaji hakuwa jamaa ya Gerald wala ya Stephen. Kifungo, maombezi, maafikiano na safari, vyote vilipita katika uzi mmoja, nao ni Nest. Kiswahili kina neno lake kwa watu kama hao: ni ndugu wa tumbo moja. Na tumbo hilo ndilo lililovuka bahari ya Ayalandi.

Wakaitwa nani? Waandishi wakawaita Geraldine, watu wa Gerald, na jina hilo likamfunika hata Robert mwana wa Stephen, ambaye hakuwa na tone moja la damu ya Gerald. Halipo kosa la wazi kuliko hili. Aliyeongoza mashua za mwanzo ametiwa katika ukoo wa mume wa kwanza wa mama yake, kwa sababu kalamu ilishindwa kuandika kwamba ukoo waweza kuwa wa mama.

Itasemwa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya zama zile. Wanormani walihesabu kwa baba, na Wawelisi nao walihesabu kwa baba, kila mtu akijiita mwana wa fulani, mwana wa fulani. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni wa nusu mtungi. Mkusanyo mkongwe wa nasaba za Wales uliohifadhiwa London, uliokusanywa katika karne ya 10, unaanza na nasaba ya Owain, mwana wa Hywel Dda, kwa upande wa baba. Nasaba ya pili katika mkusanyo huo ni ya nani? Ni ya Owain yuleyule, kwa upande wa mama yake, Elen, binti wa wafalme wa Dyfed. Sababu ilikuwa ya kidunia kabisa, kwani haki ya kuitawala Dyfed ilimjia kwa mama, na mwandishi hakuona aibu kuiandika.

Zaidi ya hayo, vitabu vya sheria za Wales, vilivyoandikwa katika karne ya 13, vina kifungu kiitwacho mamwys. Kwa kawaida mwanamke hakurithi ardhi ya ukoo. Lakini iwapo jamaa zake wamemwoza kwa mtu wa nchi nyengine, mtoto atakayezaliwa aweza kudai fungu katika ardhi ya jamaa za mama yake, kwa kuwa baba yake ni mgeni na hana kwao pale. Wanasheria wale walilifahamu jambo ambalo wenye kuchora miti ya nasaba hawajalifahamu hadi leo, kwamba mtoto wa mgeni hupata kwao kwa mama.

Itasemwa pia kwamba Wawelisi nao walikuwa wazushi, kwamba nasaba zao zilipanda hadi Troya na hadi Adamu. Ni kweli, na haitakiwi kufichwa. Gerald wa Wales anaeleza kwamba watambaji wa nchi yake walikuwa na nasaba za wakuu katika vitabu vyao vya kale, na walizihifadhi kwa moyo pia, kutoka Rhodri Mawr hadi Aeneas wa Troya na kutoka hapo hadi Adamu. Naye akaacha kuzinakili sehemu hizo za mbali, akiona kwamba wengi wangezidharau. Huo ni mwenendo wa mtu aliyejua mpaka ulipo kati ya kumbukumbu na fahari. Aliyachukua yaliyo karibu, akayaacha yaliyo mbali. Wa Florence walifanya kinyume chake.

Wala Gerald wa Wales hakuwa malaika. Katika kitabu chake cha vita vya Ayalandi amemtia Robert mwana wa Stephen hotuba ya kujisifu kwamba wao wana damu ya Troya kwa upande mmoja na ustadi wa silaha wa Wafaransa kwa upande wa pili. Ni majivuno ya vitani, lakini msomaji na atazame yamejengwa wapi. Damu ya Troya katika fikra za zama zile ilikuwa damu ya Wabritani wa kale, yaani mababu wa Wawelisi. Ni damu ya Nest. Kwa hiyo hata walipotaka kusema uongo wa fahari, watu hao wenyewe walikwenda kuuchukua kwa mama. Mababu wa Italia walikuja karne nyingi baadaye, kwa wajukuu waliokwisha kumsahau bibi.

Na katika kitabu hichohicho Maurice mwana wa Gerald, akiwa amezingirwa Dublin mwaka 1171, anasema kwamba kwa Waayalandi wao ni Waingereza, na kwa Waingereza wao ni Waayalandi. Hayo ni maneno ya watu waliojijua kuwa si wa upande mmoja. Mwandishi wake aliyaonja machungu hayohayo. Mwaka 1176 mapadri wa St Davids walimtaka awe askofu mahali pa mjomba wake, mfalme Henry wa Pili akakataa. Kuanzia mwaka 1199 akapigania kiti hicho tena, akaenda Roma mara kwa mara, na mwaka 1203 akashindwa. Yeye mwenyewe aliona kwamba ujamaa wake na wakuu wa Wales ndio uliomponza. Alipotaka ukubwa, damu ya Nest ilihesabiwa na kukutwa ni nyingi mno. Damu hiyo yaonekana sawasawa pale panapokuwa na kitu cha kunyimwa. Pakiwa na mti wa kuchora, haionekani.

Siku hizi kuna wanaoamini kwamba maabara itawakata kiu. Hutuma mate yao katika kichupa, wakangoja kuambiwa kama wana alama ya Gerald katika kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwana wa kiume peke yake. Elimu hiyo ni ya kweli, na ni lazima ifahamike ni kweli ya kitu gani. Tangu zama za Gerald vimepita vizazi vipatavyo 30. Mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, kisha wanane, na hesabu ikiendelea kujirudufu hivyo, kizazi cha 30 kina nafasi zaidi ya milioni 1,000. Nyingi katika hizo zinajazwa na watu walewale mara kwa mara, kwani dunia haikuwa na watu wengi kiasi hicho. Kromosomu Y hufuata nafasi moja tu katika zote hizo. Aipataye amepata uzi mmoja wa jamvi, naye hutoka mbio barabarani akitangaza kuwa amelipata jamvi zima. Hata jina halifuati njia ya baba daima. John Fitzgerald Kennedy, rais wa Marekani aliyezuru Ayalandi mwaka 1963, jina lake la Fitzgerald lilimfikia kwa mama yake, Rose.

Msomaji wa visiwani hahitaji kuambiwa kwa nini kadhia ya watu wa mbali inamhusu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani yetu, miongoni mwake Manda, Mtwapa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000, na kwamba asili ya Kiajemi iliingia zaidi kwa wanaume, na ile ya Kiafrika zaidi kwa wanawake. Masimulizi ya Shirazi, yaliyodharauliwa na wengi kuwa ni hadithi tupu, yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini yalikuwa ni masimulizi ya baba. Wanawake wa Kiafrika waliowazaa watu hao na kuwapa lugha wamelala katika makaburi hayohayo, na katika silsila nyingi majina yao hayamo.

Basi anayetaka kuuchora upya mti wa Gerald wa Windsor na afanye kazi ifuatayo. Upande wa baba aandike Walter, aandike Other, kisha aiweke kalamu chini bila ya huzuni. Upande wa mke aandike Nest, na juu yake Rhys, Tewdwr, Cadell, Einion, Owain na Hywel. Chini ya Nest, si chini ya Gerald, awaandike Maurice, David, William na Angharad, na pembeni mwao Robert mwana wa Stephen na Henry mwana wa mfalme, kila mmoja na baba yake. Mti huo utakuwa na baba watatu na mama mmoja. Wachoraji watalalamika kwamba hauna sura nzuri. Ndivyo ulivyoota.